Mchanga wa Kijani

Kila asubuhi, chai ikishanywewa, nyumba ile ilikuwa na sauti mbili. Sebuleni cherehani ya Fundi ilikimbia, ikasita, ikakimbia tena. Chumba cha nyuma, chenye dirisha kubwa, brashi ya mama mkwe wake ilikwaruza turubai, na kila baada ya muda vidole vyake vilitembea juu ya kreti ya soda, tik, tik, tik, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Vidole vikinyamaza, Fundi alijua rangi imepatikana, naye alikanyaga pedali akaendelea na pindo lake.

Asubuhi hiyo hodi ilipigwa hata vikombe havijaoshwa. Mlangoni alisimama mkutubi mkuu wa maktaba mpya, mama wa miwani na sauti ya chini, na nyuma yake mkandarasi aliyeijenga, bwana mnene mwenye penseli sikioni na tepu ya kupimia mkononi. Mkutubi aliomba radhi kwa kuja bila taarifa. Zilibaki wiki tatu kabla ya ufunguzi, akaeleza, na bwana huyu alitaka kuipima picha ajue misumari ya kupiga ukutani.

Ukuta wenyewe ulikuwa gumzo la nyumba kwa miezi miwili. Mama mkwe alikuwa ameishi miaka kumi na moja ukingoni mwa jangwa, akiwapikia wajenzi wa barabara ambao marehemu mumewe alikuwa akiwaendeshea katapila, na tangu arudi mjini hakuchora kitu kingine. Mtaani walimwita Bi Jangwa, nusu kwa heshima, nusu kwa dhihaka. Hakuchora ngamia wala mtende wala mtu. Alichora jinsi mwanga ulivyouangukia mchanga, kwa madoa madoa ya rangi, na ukiisogelea picha ungedhani mpishi mzembe amerusha mchuzi. "Rudi nyuma hatua tano," aliwaambia wote waliouliza mbona haijaisha. Wateja wa Fundi walirudi nyuma mpaka wakajigonga kwenye cherehani, na hapo jangwa likawatokea ghafla, na joto lake. Picha zake zilining'inia kwa kinyozi, kwa fundi saa na kwa muuza magodoro. Lakini ukuta wa chumba cha kusomea, mita nne kwa mbili, ambapo watoto wa mji mzima wangeinua macho kutoka vitabuni, heshima ya namna hiyo hakuwahi kupewa na mtu.

Kawaida hakuna aliyeruhusiwa kuona kazi kabla haijaisha. Bi Jangwa aliifunika kwa shuka kila alipoweka brashi chini. Siku hiyo alikuwa bado anapapasa mikono ya kiti ainuke kuwasalimu wageni, mkandarasi akamtangulia, akashika pembe ya shuka na kuifunua mwenyewe, kama mtu anayefunua sufuria nyumbani kwake.

Fundi, aliyekuwa mlangoni na sinia la vikombe, alisimama palepale.

"Mama mkubwa," mkandarasi alisema mwishowe, "jangwa hili limenyeshewa."

"Limenyeshewa vipi?"

"Si mchanga wote huu ni kijani? Na vivuli navyo kama chai ya rangi. Sisi tuliagiza jangwa, kumbe tunaletewa shamba la mboga."

Mkutubi alimgusa mkono anyamaze. Bi Jangwa hakuitazama picha. Aligeuza uso dirishani, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba na bado hajauliza ni nani.

"Ndivyo nilivyotaka," akasema.

Mkutubi hakubisha. Aliipiga picha kwa simu, akasema kwa upole kwamba kamati itakutana, na Ijumaa ya wiki ijayo atarudi na jibu. Mkandarasi alipima, akaandika, na alipokuwa akitoka alikumbusha, bila kuulizwa, kwamba ana saa kubwa ya ukutani tayari stoo, na saa haina rangi ya kugombaniwa.

*

Fundi aliosha vikombe vile mara mbili bila kujua. Alikuwa anaikumbuka Jumamosi iliyopita.

Jumamosi hiyo mama mkwe alikwenda kumjulia hali dada yake, naye Fundi akabaki na nyumba na hamu ya kufanya jambo la kupendeza. Mwaka mmoja na nusu tangu aolewe, na alikuwa bado anatembea ndani ya nyumba ile kama mgeni aliyeambiwa akae popote. Alikuwa na haya za kuzaliwa nazo. Kwa mama mkwe alikuwa na majibu mawili tu, "Ndiyo, Mama" na "Ni nzuri, Mama", na mama mkwe naye hakumwita mkwe wala mwanangu, alimwita Fundi kama wateja. Basi akaiona ile kreti ya soda, matundu ishirini na manne, kila tundu na tyubu yake ya rangi, imeganda uchafu hata majina ya tyubu hayasomeki. Akazichomoa zote, akaikosha kreti kwa brashi na sabuni, akazifuta tyubu moja moja mpaka zikang'aa. Kisha akazipanga upya anavyopanga nyuzi zake: nyeupe, rangi ya maziwa, manjano, na kuendelea, hadi damu ya mzee na nyeusi mwisho. Akangoja kusifiwa. Mama mkwe aliporudi alisema tu kwamba kuna harufu ya sabuni.

Sasa mambo mawili yakamjia Fundi kwa pamoja, na la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. La kwanza: ule mchanga wa kijani ni kazi ya mikono yake. La pili: mtu mwenye macho angeikamua ile rangi ya kijani na kuirudisha papo hapo. Siku nne nzima Bi Jangwa alikuwa amepaka majani juu ya jangwa, na hakuona.

Jioni mumewe, fundi wa umeme, alirudi na njaa na vichekesho vyake. Alipoambiwa yaliyotokea alicheka kidogo, akasema huyo mkandarasi ajaribu kwanza kuchora yai. Mama yake hakucheka. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ameshachora vya kutosha, na kile chumba cha nyuma kina mwanga mzuri, heri mwanawe aweke nyaya zake humo kuliko kuzirundika barazani.

"Na ukuta, Mama?"

"Waweke saa. Watoto wajue muda."

Mumewe alimtazama Fundi, kama kumuuliza kama huo ni uchovu au hasira. Fundi aliinamia sahani yake. Kama angesema kosa lake, angelazimika kusema na la macho, na siri ya macho haikuwa yake. Na asiposema je? Alijipa usiku mmoja afikirie, kisha akajipa mwingine.

Asubuhi ya tatu bila sauti ya brashi, mama mkwe alikuja sebuleni, jambo ambalo hakulizoea wakati wa kazi. Alisimama mbele ya rafu ya nyuzi, akachukua uzi mmoja, akausogeza dirishani, akauleta karibu na pua, akaupeleka mbali.

"Fundi, huu ni mweupe, siyo?"

Ulikuwa wa waridi, uzi wa gauni la harusi la mteja, waridi iliyokolea kiasi kwamba mtoto mdogo angeitaja. Huruma ikamtangulia Fundi akili.

"Ndiyo, Mama."

Bi Jangwa alishusha pumzi. Akachukua mwingine, kijani cha majani mabichi, akauliza kama huo ni wa manjano. Fundi akajibu ndiyo. Mama mkwe alizirudisha nyuzi zote mbili mahali pake kwa uangalifu, kidole kikipapasa ukingo wa rafu, akaondoka taratibu. Fundi hakushona tena asubuhi hiyo. Alikuwa amemdanganya mtu ili kumfariji, na ile faraja aliiona ikitoka mlangoni ikiwa imeinamisha kichwa, kwa sababu sauti yake ilimsaliti. "Ndiyo" yake ilitetemeka, na asiyeona vizuri husikia vizuri.

*

Jumapili mchana mumewe alianza kuhamisha nyaya. Aliingiza maboksi matatu chumba cha nyuma, akaikunja miguu mitatu ya kusimamishia picha, akaigeuza ile turubai kubwa uso ukutani. Kisha akainua kreti. Alisema kuna mwalimu wa shule ya msingi anayefundisha sanaa, atafurahi kuipata. Mama yake alikuwa ameketi kitandani, mikono magotini, akasema sawa, mpelekee.

"Iache," Fundi alisema.

Mumewe aligeuka. Hakuwahi kumsikia mkewe akitumia sauti ile. Hata Fundi mwenyewe aliishangaa. Aliichukua kreti mikononi mwa mumewe, akaiweka kitandani kando ya mama mkwe, akapiga magoti.

"Mama, Jumamosi ile ulipokwenda kwa dada yako, niliikosha kreti. Nikazipanga upya rangi zote, kama nyuzi zangu, kutoka nyeupe mpaka nyeusi. Ule mchanga wa kijani ni mimi. Na nyuzi nilizokujibu juzi, nilikudanganya. Ule wa kwanza ulikuwa wa waridi."

Bi Jangwa aliuweka mkono juu ya kreti, na vidole vikaanza kutembea, tundu hadi tundu.

"Zote umezihamisha?"

"Zote, Mama. Ishirini na nne."

"Hata mstari wa alfajiri?"

Fundi hakujua kama kulikuwa na mstari wa alfajiri. Ndipo mama mkwe akaanza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikamtikisa mabega, mpaka machozi yakamtoka naye asiyafute. Alicheka akimpiga Fundi begani kofi jepesi jepesi, akisema kumbe, kumbe, kumbe ni sabuni tu. Mwanawe alibaki kasimama na boksi la swichi mkononi, akiuliza kuna nini.

Alipotulia, aliwaeleza. Kreti ile aliipanga kama siku ya jangwani: mstari wa alfajiri, wa mchana, wa jioni, na wa nne wa vivuli. Miaka miwili sasa aliona dunia kama anaitazama kupitia glasi ya chai, lakini vidole vilijua njia, na muuza rangi alimtajia kila tyubu akiikabidhi, naye akaichomeka tunduni kabla hajasahau. Alikuwa amejiambia kwamba akiwa na kreti yake hana shida na macho. Siku mkandarasi alipotamka kijani, alijua moja kwa moja kwamba mwisho umefika. Kama hata kreti haimsaidii tena, basi si macho peke yake, ni akili nayo inaondoka.

"Siku zote hizi nimelala nikijiaga," akasema. "Kumbe nilikoshewa vyombo."

"Miaka miwili, Mama?" mwanawe aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mimi ninatengeneza taa za watu, mama yangu yuko gizani, huniambii?"

Bi Jangwa alisema bibi yake mzaa mama aliishia hivyo. Alikaa pembeni ya nyumba miaka tisa, akishikwa mkono kwenda chooni, na wajukuu wakimtolea ulimi mbele ya uso wake wakicheka, naye akitabasamu kwa sababu alidhani wanacheka naye. Yeye mwenyewe, Bi Jangwa, alikuwa mmoja wa wale watoto. "Na wewe umeoa juzi," akamalizia. "Nimkabidhi mke wa watu kazi ya kunivusha barabara, kabla hata sijaiona sura yake vizuri?"

Fundi alinyanyua uso. Hilo hakuwahi kuliwaza, kwamba mwaka na nusu mama mkwe hakumwita jina lolote la karibu kwa kuwa kwake alikuwa sauti, harufu ya mvuke wa pasi, na umbo mlangoni.

"Kesho tunakwenda hospitali," mumewe akasema. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakukuwa na mzaha sautini mwake.

*

Walikaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa sita. Muuguzi mmoja kijana aliinua vidole na kumuuliza Bi Jangwa ni vingapi, kwa sauti kubwa, kama vile masikio ndiyo yaliyougua. Alikosea mara mbili, na watu wa benchini wakatazama chini kwa ajili yake. Akamwambia muuguzi kwamba vidole vyake aviweke akiba, atavihitaji akioa, na benchi zima likacheka, na baada ya hapo muuguzi akapunguza sauti.

Daktari alikuwa binti mwembamba asiye na maneno mengi. Alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akazima taa.

"Ni mtoto wa jicho, Mama. Macho yote mawili, na amekomaa."

"Anatoka?"

"Anatoka. Tunafanya jicho moja keshokutwa, la pili baada ya mwezi. Nusu saa haifiki, na unalala kwako siku hiyohiyo."

Bi Jangwa aliinamisha kichwa. Fundi alidhani ni woga wa kisu, akamshika kiwiko. Lakini mama mkwe aliuliza swali jingine kabisa, polepole. Aliuliza kama ugonjwa huu ni wa kisasa, au hata zamani ulikuwepo, na kama hata zamani ulikuwa ukitibika. Daktari alijibu kwamba ulikuwepo, na ulitibika, kwa aliyefikishwa.

"Miaka tisa," Bi Jangwa alisema, si kwa daktari wala kwa mtu yeyote pale. Mficha maradhi, wahenga walisema, kilio humfichua. Lakini yupo na yule ambaye hakuficha, ila hakuna aliyeuliza. Mwanawe aliupapasa mgongo wake. Daktari akaandika tarehe kwenye kadi, na mambo yakawa mepesi hivyo, mepesi kiasi cha kumtia mtu uchungu.

Alhamisi asubuhi bandeji ilitolewa. Kitu cha kwanza alichokiona Bi Jangwa kilikuwa ndoo ya plastiki ya mfagizi, pale mlangoni, ya buluu. Aliitazama mpaka mfagizi akauliza kama ameiweka vibaya. "Hapana," akamjibu, "iache hapohapo kidogo." Kisha akamgeukia Fundi, akamshika kidevu, akamzungusha uso kuelekea dirishani kama anayekagua kitambaa.

"Kumbe una vidoti puani."

"Ndiyo, Mama."

"Na mzuri hivi? Mwanangu huyu alikuwa anakusifu tu, mimi nikadhani mapenzi yamempofusha na yeye."

Mumewe alicheka, Fundi akaficha uso kiganjani, na Bi Jangwa akauondoa mkono ule, akasema amengoja mwaka na nusu, asimnyime.

Nyumbani alizunguka vyumba vyote. Alisimama mbele ya picha alizozichora miaka miwili ya mwisho, zote zimekolea kahawia na kutu kama zimechovywa kwenye masizi, akatikisa kichwa. Chumba cha nyuma maboksi ya nyaya yalikuwa yameshaondoka. Aliigeuza turubai kubwa mwenyewe, akaitazama kwa jicho lake jipya, muda mrefu. Fundi alimngoja aseme kitu. Alisema njaa inamuuma.

*

Ijumaa mkutubi alifika na mkandarasi wake. Safari hii mkutubi alikuwa na bahasha mkononi na uso wa mtu anayebeba heri. Bi Jangwa alikuwa amevaa miwani myeusi ya hospitali, na mkandarasi, alipoiona, alisema mama mkubwa ameshaanza umaarufu.

Mkutubi alifungua bahasha. Kamati ilikuwa imeiona ile picha ya simu, na ilikuwa imeipenda kuliko ilivyotarajia. Mwenyekiti alisema hajawahi kuona jangwa lenye ujasiri namna ile. Mjumbe mmoja alisema ule ukijani ni matumaini ya kizazi kinachosoma. Iletwe kama ilivyo, isiguswe hata doa moja.

"Mimi tangu siku ile moyo wangu uliipenda," mkandarasi akaongeza. "Nilitania tu. Misumari nimeshapiga."

Fundi alianza kuhesabu vikombe moyoni. Ukuta umepatikana. Hapakuwa na haja ya kueleza kreti wala sabuni wala chochote; kosa lake limegeuka baraka, na kilichobaki ni kunyamaza na kukaribisha chai. Alimtazama mumewe, naye mumewe alishaanza kutabasamu.

Bi Jangwa alivua miwani. Jicho moja lilikuwa bado jekundu, lingine bado limefunga ukungu, na mwanga ulimfanya alikunje, lakini alimtazama mkutubi usoni.

"Naishukuru kamati," akasema. "Lakini hiyo haiendi."

Mkandarasi alicheka, akakuta amecheka peke yake. Alisema mama mkubwa, watu wanaomba bahati usiku na mchana, wewe umeletewa mlangoni unaikataa? Mkutubi hakucheka. Alikumbusha kwa upole kwamba ni yeye mwenyewe Mama aliyesema, hapahapa, kwamba ndivyo alivyotaka.

"Sikutaka hivyo. Nilitaka mchanga wa alfajiri, kabla jua halijatoka lote, unapokuwa na rangi ya ganda la kitunguu na vivuli vyake ni zambarau. Niliuona kwa miaka kumi na moja, na ndio ninaoujua. Huu wa kijani mimi sijauona mahali popote. Nitawaambiaje watoto nimeuona?"

Fundi alijikuta amesogea kando ya mama mkwe, bega kwa bega, bila kukumbuka ni lini aliondoka mlangoni. Mkutubi aliikunja ile barua, akairudisha kwenye bahasha, akauliza angehitaji muda gani. Bi Jangwa alisema jicho la pili linatibiwa baada ya mwezi, na kazi yenyewe wiki tatu. Kama ni mbali, waweke saa, hatanuna.

Mkutubi alifikiri. Kisha akasema vitabu vyenyewe havijafika vyote, na ukuta wa maktaba haujulikani kwa kukimbia. Watafungua na misumari mitupu. Ila kamati ni watu wa maswali, na jambo hili watalishangaa. Akirudi kwao, awaambie nini?

Bi Jangwa alivuta pumzi. Mwanawe alifungua mdomo amsaidie, lakini Fundi alimgusa mkono, naye akaufunga.

"Waambie nilikuwa sioni," Bi Jangwa akasema, "na niliona haya kusema. Waambie sasa naona."